Hiari kwa nani?

"Kaka, hii -f umeifunga kwenye mabano. Kwa hiyo naweza kuiacha?"

Kijana aliyeuliza alikuwa amefungua rasimu ya mwongozo wangu upande mmoja wa skrini, na terminali upande wa pili. Mstari wenyewe ulikuwa wa qemu-img, programu ya kubadilisha diski za mashine pepe (kompyuta zinazoendeshwa ndani ya kompyuta nyingine) kutoka fomati moja kwenda nyingine:

`qemu-img convert [-p] [-f fomati] [-O fomati] chanzo lengo`

-f inataja fomati ya chanzo, -O ya lengo. Nikamwambia akiiacha -f, amri itakubali.

"Sikuuliza kama itakubali. Nimeuliza kama naweza kuiacha."

Tulicheka, faili likabadilishwa, tukaenda kula. Swali lake likabaki kichwani, na kila nilipofungua ile rasimu nililikuta linanisubiri palepale kwenye mabano.

Wanaoshinda kwenye seva wanaijua desturi ya mabano ya mraba: kilicho ndani ni hiari, kilicho nje ni lazima. Ni desturi ya zamani ya Unix, na sikuwahi kuitilia shaka. Ila mabano yale yanajibu swali moja tu, nalo ni la programu: nisipopewa hiki, nitagoma au nitaendelea? Kuhusu mtu anayebonyeza Enter hayasemi chochote.

## Ukurasa uliogoma kuisha

Tulikuwa tunahamisha seva kutoka mfumo mmoja wa kuendesha mashine pepe, VMware, kwenda mwingine, KVM, kama wengi walivyoanza kufanya baada ya Broadcom kukamilisha ununuzi wa VMware Novemba 2023 na, mwezi uliofuata, kuacha kuuza leseni za kudumu. Hadithi hiyo mnaijua. Sehemu yangu ilikuwa ndogo: kuandika kwa Kiswahili, kile tunachozungumza kazini, ukurasa wa kueleza machaguo ya qemu-img. Vijana wetu Kiingereza wanakijua. Tatizo ni kwamba saa tano usiku, huduma ikiwa chini na bosi akipiga simu, hakuna anayesoma aya. Mtu anatafuta mstari wa kunakili.

Nikaanza kuorodhesha. -p inaonyesha kazi imefika asilimia ngapi. -c inabana data zikiandikwa kwenye qcow2, fomati ya QEMU, mradi unaotoa qemu-img. -m inapanga shughuli ngapi ziende sambamba. Kawaida ni 8, mwisho 16. -n inaizuia programu isiunde lengo jipya, iandike kwenye lililopo. --target-is-zero inaiambia programu ichukulie kwamba lengo lote limejaa sifuri.

Hapo nikasimama.

Sentensi ile ya mwisho ina umbo lilelile la zile zilizotangulia. Ukiipitisha jicho haraka, hutaona kwa nini mtu aikodolee macho. Lakini chaguo lenyewe si ndugu wa -p hata kidogo.

## Ombi na kiapo

Ukiandika -p, unaiomba programu ikufanyie jambo. Ukiandika -c kwenye fomati isiyoweza kubanwa, itakukatalia na utabaki ulipokuwa. Hayo ni maombi. Ukiomba vibaya, hasara yako ni muda.

Ukiandika --target-is-zero, huombi. Unaapa. Unasema: mimi nimelikagua lengo hili, lote ni sifuri, usihangaike kuandika sifuri nyingine juu yake. Nayo inakuamini, maana ikitaka kuhakiki italazimika kusoma diski nzima, na kuepuka kazi hiyo ndiyo sababu ya chaguo lenyewe kuwepo.

Liliingia kwenye QEMU 5.0, mwaka 2020, na si chaguo la kipuuzi. Diski ya TB 1 yenye GB 80 tu za data ina uwanja mkubwa mtupu. Kuandika sifuri uwanja wote huo kwenye kifaa ambacho tayari ni sifuri ni kupoteza usiku. Lakini chukua volumu ya kawaida ya LVM, mfumo wa Linux wa kugawa diski, iliyoundwa mahali palipokuwa na mashine nyingine iliyofutwa. LVM haisafishi volumu yote, inagusa mwanzo tu. Ukiapa kwamba ni tupu, programu itaruka kila sehemu ambayo kwenye chanzo ni sifuri, na hapo zitabaki data za marehemu. Mashine mpya inaweza kuwaka vizuri kabisa. Inaweza kupiga kazi hadi siku mfumo wa mafaili utakapofungua eneo ulilosema ni tupu na kukuta vitu vya mtu.

Na siku ya kuhamisha, -p ilionyesha asilimia 100.

Nilipoiona tofauti hiyo, orodha yote ikaanza kujipanga upya. -U ni kiapo. Tangu QEMU 2.10 ya mwaka 2017, faili la diski linalotumiwa na mashine iliyo hai hufungwa kwa kufuli. Ukijaribu kulibadilisha, amri inagoma na kukuuliza kama kuna mchakato mwingine unaolitumia. -U inapita juu ya kufuli hiyo. Watu wengi wanakutana nayo kwa njia moja: wamepata ujumbe wa kosa, wameutafuta mtandaoni, jibu la juu limesema "ongeza -U". Kwao ni dawa ya kosa. Kumbe ni tamko kwamba unajua diski inaandikwa huku unaisoma, na kwamba nakala yenye vichwa visivyolingana na miili umeikubali.

`rebase -u` nayo ni kiapo, kizito zaidi: inabadilisha jina la faili la nyuma, yaani lile ambalo diski inalisoma kwa data isizokuwa nazo yenyewe, bila kukagua kama yaliyomo yanafanana na ya mwanzo.

Kwenye mwongozo rasmi vyote hivi viko sawa kwa sawa na -p. Siwalaumu walioandika. Mwongozo wa rejea unaandikwa kwa mtu anayejua anachotafuta, naye anataka kila herufi mahali pake. Mimi sikuwa naandika rejea, ingawa ilinichukua muda kukubali hilo. Nilikuwa nimekazana kuorodhesha kila chaguo kana kwamba kuacha hata moja ni uvivu.

Kwa hiyo -f ni ipi? Ombi au kiapo?

## Mgeni anapojitambulisha mwenyewe

Bila -f, programu inachungulia mwanzo wa faili na kukisia. Faili la qcow2 linaanza na baiti nne: Q, F, I, kisha baiti yenye thamani FB. VMDK, fomati ya VMware, ina alama zake. Raw haina alama. Raw ndiyo inayobaki programu ikikosa kutambua kitu kingine chochote.

Sasa, raw ni nini hasa? Ni diski ya mashine pepe, baiti kwa baiti, bila kifuniko. Na baiti za mwanzo wa diski hiyo anaziandika nani? Anaziandika yeyote mwenye root, mamlaka ya juu kabisa, ndani ya mashine ile. Yaani mgeni.

Mgeni akitaka, anaandika Q, F, I, FB mwanzoni mwa diski yake mwenyewe. Anaongeza kichwa cha qcow2 kinachodai kwamba faili hili lina faili la nyuma, na faili hilo la nyuma liko kwenye mashine ya mwenyeji, yaani seva inayoiendesha mashine pepe, tuseme /etc/shadow. Siku wewe, mwenyeji, unapoibadilisha diski ile bila -f, programu inakisia kwamba ni qcow2, inalifuata lile dai, inasoma faili la nywila zako na kuliingiza kwenye diski mpya. Kisha unamrudishia mgeni diski yake, pengine na salamu za kumshukuru kwa uvumilivu.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, tunasema. Huyu amekuja kukagua kabati.

Si kisa cha kutungwa. Udhaifu wa namna hii ulisajiliwa kwenye CVE, orodha ya kimataifa ya udhaifu wa programu, kama CVE-2008-2004, enzi za QEMU 0.9.1. Ndiyo maana ukiwasha mashine leo kwa diski ya raw bila kutaja fomati, QEMU inakuonya kwamba kukisia ni hatari na inaweka vizuizi vya kuandika kwenye bloku ya mwanzo ya diski. Yaani ndani ya mradi uleule, upande mmoja wamekwisha kuona kwamba hiari hii ina meno. Upande wa convert, mabano yako palepale.

Jibu la yule kijana nililipata hapo. Ukiacha -f, fomati haikuachwa bila kutajwa. Umemwachia mwenye diski aitaje yeye. Kiapo kipo vilevile, ila ameapa mtu mwingine, na pengine ndiye mtu ambaye hukutakiwa kumsikiliza.

Tena ukikosea -f, kosa lenyewe lina kelele. Ukisema vmdk kwa kitu kisicho vmdk, programu inakataa. Ukisema raw kwa faili la qcow2, utapata diski isiyowaka, na utajua asubuhi hiyohiyo. Ukiiacha, mara nyingi mno kila kitu kinakwenda sawa, na ile mara moja kisipokwenda sawa hutasikia mlio.

Nikaondoa mabano kwenye ukurasa wangu. Kwetu -f ni lazima, programu iseme inavyotaka.

## Halafu nikaanza kujishuku

Raha hiyo haikudumu, kwa sababu nilikumbuka Julai 2024.

Mwezi huo ilitangazwa CVE-2024-32498, iliyogusa Cinder, Glance na Nova, sehemu za OpenStack, programu ya kuendesha seva za wingu. Safari hii faili lilikuwa qcow2 ya kweli. Fomati hiyo inaruhusu data zikae kwenye faili la nje, na mtu aliweza kupakia diski inayosema "data zangu ziko kule", akitaja njia ya faili la seva. Hapo hata ukiandika -f qcow2 hujadanganya. Umeapa kiapo cha kweli na bado umeibiwa.

Basi nikaongeza ushauri: kabla ya kubadilisha, endesha `qemu-img info` uone kama kuna faili la nyuma au faili la data la nje. Nilijiona nimefunga mlango. Kumbe mwezi uleule kulikuwa na CVE-2024-4467, iliyohusu info yenyewe: faili lililotengenezwa kwa hila lingeweza kuifanya imalize kumbukumbu na CPU, au isome na kuandika faili lililoko nje. Kipimo nacho kinaambukizwa.

Matundu hayo yamezibwa, na aliyesasisha programu zake hana sababu ya kutetemeka. Lililonisumbua lilikuwa la uandishi. Nifuate kila tundu kwa tahadhari yake? Nilijaribu. Ukurasa ukawa na visanduku vyekundu kila baada ya mstari, na nilipousoma asubuhi yake nilikuta hata mimi navirukaruka. Mwongozo unaotisha kila mahali unamfundisha msomaji kitu kimoja, kuruka vitisho.

Nikafuta karibu vyote. Badala yake juu kabisa ya ukurasa kuna sentensi hii: mwongozo huu ni wa diski zetu wenyewe, faili lililoletwa na mteja au kupakuliwa mahali lina utaratibu wake, linafunguliwa na mtumiaji asiye na mamlaka, kwenye mashine ya pembeni, likiwa limewekewa vikomo vya kumbukumbu na muda. Nilitaka kila chaguo lijitetee lenyewe, na hilo haliwezekani. Mengine yanategemea unamwamini nani, na hakuna herufi ya terminali ya kusema hivyo.

## Kuhusu -O, kwa ufupi

-O haina hila. Ina kituko tu: usipoitaja, matokeo ni raw, hata kama faili umelibatiza seva.qcow2. Jina la faili halihesabiki. Vivyo hivyo upande wa chanzo: faili lenye mkia wa -flat.vmdk ni raw ndani, na lile dogo la maandishi lililo jirani yake, ambalo wengi hulisahau wakati wa kunakili, ndilo la kuipa amri kama vmdk.

Na msiniulize kwa nini -f kwenye `create` ni fomati ya kinachoundwa, kwenye `convert` ni ya chanzo, na kwenye `compare` ni ya faili la kwanza. Nimeandika jedwali. Halipendezi.

## Jina la ukoo

Kuna chaguo ambalo huwezi kulieleza bila kusimulia lilikotoka, nalo lilizua ubishi kati yangu na mwenzangu aliyekuwa anapitia rasimu.

Ukitaka diski ya kupeleka Azure, wingu la Microsoft, unahitaji VHD, fomati nyingine ya diski, ya ukubwa usiobadilika. Kijana ataangalia orodha ya fomati na hataiona vhd. Ataona vhdx, atafurahi, ataichukua, na Azure haiipokei. VHD anayoitafuta imeandikwa vpc, kwa sababu ilizaliwa na Virtual PC ya kampuni ya Connectix, ambayo Microsoft iliichukua mwaka 2003. Jina la mzazi likabaki.

Haliishii hapo. VHD ya zamani ilihesabu ukubwa wa diski kwa silinda, vichwa na sekta, na hesabu hiyo haiangukii kwenye kila namba unayoitaka. Kwa hiyo qemu-img inasogeza ukubwa kidogo ili hesabu itimie. Azure kwa upande wake inataka ukubwa ulionyooka kwa MB kamili. Unapanga diski yako vizuri, unaibadilisha, inatoka imeongezeka kidogo, inakataliwa. Tiba ni:

`qemu-img convert -f raw -O vpc -o subformat=fixed,force_size seva.raw seva.vhd`

Mwenzangu alisema habari za silinda niziondoe, niache amri. Mtu anataka diski ipande, hataki somo la historia. Nilikaribia kumkubalia. Lakini neno force_size, likisimama peke yake, linasikika kama kulazimisha kitu kisichotakiwa, na mtu makini ataliondoa kwa nia njema kabisa. Ukijua hesabu ya silinda, unaona kwamba linafanya kinyume: linaizuia programu isikubadilishie ukubwa. Historia ikabaki, aya moja.

## Kinachosomwa ni mfano

Baada ya ubishi wote huo nikamtazama yule kijana akitumia rasimu. Hakusoma aya hata moja niliyopigania. Aliteremsha ukurasa hadi kwenye kisanduku cha kwanza cha amri, akanakili, akabadilisha majina ya mafaili, akaendesha.

Ilikuwa sahihi, maana -f ilikuwa ndani ya mfano.

Tangu hapo nimeacha kuuona mfano kama pambo la maelezo. Sera yote iko pale. Kilichomo kwenye mfano wa kwanza kitaendeshwa na watu ambao hawatajua kamwe kwa nini kipo, na kisichokuwemo hakitaendeshwa. Kwa hiyo viapo vyote nimeviondoa kwenye mifano ya juu. Anayetaka --target-is-zero au -U atateremka hadi sehemu yake, na huko atakuta swali kabla ya amri: umejuaje kwamba lengo ni tupu? Mashine imezimwa? Aliyeizima ni nani?

Baada ya kila mfano wa kubadilisha nimeweka `qemu-img compare`, inayolinganisha chanzo na lengo na kurudisha 0 vikifanana, 1 visipofanana. Inakula muda, na watu watailalamikia. Ila kiapo cha uongo kuhusu sifuri inakinasa.

Waandishi wa QEMU nao wanapambana na mambo haya kwa namna yao. Kwenye msimbo wao kwa miaka mingi kulikuwa na faili liitwalo qemu-img-cmds.hx, ambamo kila amri ndogo ilikuwa na maelezo mawili jirani: moja la kutokea kwenye msaada wa terminali, jingine la kuingia kwenye mwongozo. Ukaribu huo ulipunguza uwezekano wa mawili hayo kuachana. Haukuuondoa, maana bado ni mtu aliyeandika kote kuwili. Mimi sina hata ujirani huo. Ukurasa wangu uko mbali na programu na utachakaa. Ndiyo maana mwishoni nimeelekeza watu kwenye `qemu-img create -f vpc -o help`, wabadilishe vpc kwa fomati wanayoitaka. Inataja machaguo ya toleo lililopo kwenye mashine ile, hata kama mimi nimestaafu.

## Lililokosa mahali

Chaguo moja lilikataa kukaa kwenye maombi na likakataa kukaa kwenye viapo. Ni --salvage.

Unalifikia diski ya chanzo ikiwa inakufa. Bila hilo, kosa la kwanza la kusoma linaisimamisha kazi. Ukiliweka, programu inaendelea, na sehemu isiyosomeka inaichukulia kama sifuri. Inachapisha makosa inapoyakuta, isipokuwa umeiambia inyamaze kwa -q. Hapo ndipo nywele zilinisimama: -q ni ombi la kawaida, watu huliweka kwenye skripti za usiku ili barua pepe zisijae. --salvage peke yake inaokoa kinachookoka. Ukiyaunganisha, unapata diski yenye mashimo ya sifuri na hakuna mstari wowote unaosema yako wapi.

Nimeipa sehemu yake chini kabisa ya ukurasa. Mfano wake unahifadhi makosa kwa `2> makosa.txt`, na -q imepigwa marufuku hapo kwa herufi nzito, ndiyo herufi nzito pekee iliyosalia kwenye ukurasa mzima. `compare` haitakusaidia, kwa kuwa chanzo chenyewe hakisomeki. Faili lile la makosa apewe msimamizi wa hifadhidata. Yeye ndiye wa kukaa na kutafuta kama mashimo yale yameangukia eneo tupu au katikati ya jedwali la malipo.